Nyumba Moja, K Mbili

Kompyuta ilifika kwenye shule ya sekondari Same mwaka 1995 ndani ya maboksi mawili, imezungushiwa masweta ya mitumba ili isivunjike njiani. Walioituma walikuwa Wakristo wa usharika mmoja wa Ujerumani. Masweta yaligawanywa siku hiyo hiyo, tena kwa ugomvi. Kompyuta haikugombewa na mtu. Ilikabidhiwa kwa Mwalimu Eliwaza Mbwambo kwa sababu mbili: alikuwa anafundisha hesabu, na hakuwepo kwenye kikao kilichoamua.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani kila kitu kilikuwepo, mifukoni hakuna kitu. Eliwaza alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kushika chaki, na wakati wa mapumziko aliwauzia walimu wenzake perege wakavu wa bwawa la Nyumba ya Mungu, akiwatoa chini ya meza ile ile aliyosahihishia madaftari. Mume wake, Anthony, alikuwa mpima maji wa serikali kwa miaka kumi na tisa, mpaka ilipokuja barua ya kumpunguza kazini, yeye na wapima wenzake wote watatu kwa siku moja. Barua ilisema serikali inajitoa katika shughuli zisizo za lazima. Anthony aliisoma mara mbili, akauliza kama maji nayo yamepunguzwa. Tangu siku hiyo alikuwa akiziba pancha za baiskeli mbele ya nyumba yao, karibu na stesheni.

Pamoja na kompyuta ilikuja disketi yenye programu ya kuchora grafu. Eliwaza alijifunza mwenyewe, kidole kimoja kimoja, saa za mchana wanafunzi wakiwa wamekwenda kula. Siku ya kwanza aliandika mlinganyo alioupenda kuliko yote, ambao alikuwa ameuandika ubaoni mara elfu: y ni sawa na a mara x ya kipeo cha pili, jumlisha b mara x, jumlisha c. Akabonyeza. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kikavu kwamba a haijulikani.

Akadhani amekosea kuandika. Akarudia. A haijulikani.

"A ni namba yoyote!" akaiambia kwa sauti.

Mashine haikubadilisha msimamo. Eliwaza akaizima kwa hasira, akaenda kumwambia mkuu wa shule, Bwana Melkizedeki, kwamba Wajerumani wamewatumia kitu kizuri lakini hakina akili. "Mtoto wa kidato cha pili anajua a ni namba yoyote. Hiki hakijui."

"Labda kinataka ukiambie ni ipi," alisema Melkizedeki, ambaye alisomea siasa na kilimo.

Jibu hilo lilimuudhi Eliwaza kwa siku tatu, kwa kuwa lilikuwa sahihi na limetoka kwa mtu wa siasa na kilimo. Siku ya nne akaketi, akaipa a thamani ya moja, b sufuri, c sufuri. Mstari ukatokea, umekaa kama bakuli. Akaipa a thamani ya tano, bakuli likabana. Akaipa hasi moja, bakuli likapinduka. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwaeleza watoto habari za bakuli hilo kwa kupunga mikono hewani, na sasa aliliona likigeuka mbele ya macho yake. Siku hiyo alisahau perege wake juani, na paka wa shule wakala vizuri.

Habari kwamba Same kuna mashine inayochora mistari zilimfikia Humphrey.

Humphrey alikuwa mshauri mwelekezi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane kutoka Dar es Salaam, mwenye gari jeupe la mradi na shati lenye kalamu tatu mfukoni. Mradi wake ulikuwa wa kuukarabati kwa saruji mfereji unaotoka juu Chome na kushuka kilomita nane kuelekea mashamba ya Makanya, kule tambarare ambako mvua hukumbukwa kuliko inavyoonekana. Mfereji wenyewe ulianzia kwenye ndiva, yaani bwawa la udongo ambalo Wapare huhifadhia maji ya kijito tangu enzi za mababu: linajaa likiwa limezibwa, asubuhi linafunguliwa. Wafadhili walikuwa wanakuja baada ya siku kumi, na walitaka kuona grafu.

"Shikamoo mwalimu," alisema Humphrey, akiweka kitabu kinene mezani. "Kanuni ipo tayari, ukurasa wa arobaini na moja. Ni kuchora tu."

Eliwaza akasoma. Kanuni ilikuwa nzuri, hilo alilikubali mara moja. Ilisema maji yanayobaki mferejini hupungua kadiri unavyoshuka, na kasi ya kupungua hiyo hutegemea herufi moja, k. K ikiwa kubwa, ardhi imekunywa maji mapema. K ikiwa ndogo, maji yanafika mbali. Chini yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba k ni namba isiyobadilika, na thamani yake itajulikana baada ya vipimo.

"Vipimo viko wapi?" aliuliza.

"Idara ya maji haina wapima siku hizi, mwalimu. Walipunguzwa."

"Najua walipunguzwa. Mmoja yuko nyumbani kwangu anaziba pancha. Nauliza vipimo."

"Hakuna."

"Basi hakuna grafu. Mashine hii usipoiambia k ni ngapi haichori."

Humphrey alicheka kwa adabu, kama mtu anayemchekea mama wa rafiki yake. "Weka yoyote, mwalimu. Ni mfano tu."

Eliwaza akaweka moja. Mstari ukaanguka kama jiwe, ukafika chini kabla ya kilomita ya nne.

"Hapana, hapana," alisema Humphrey. "Hapo tumewaua watu wa Makanya. Punguza."

Nusu. Ukaanguka, lakini kwa heshima kidogo. Sufuri nukta mbili. Sufuri nukta moja. Humphrey alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ameinamisha kichwa upande kama fundi cherehani anayetazama pindo la gauni. Alipoweka sufuri nukta sufuri tano, mstari ukashuka taratibu, na kwenye kilomita ya nane theluthi mbili za maji zilikuwa bado zipo.

"Hapo! Hapo hapo! Usiguse!"

Printa ikakoroma dakika sita. Chini ya karatasi, kwa mkono wake mzuri wa ubaoni, Eliwaza akaandika: k ni ya kubuni. Humphrey akashukuru sana, akaazima mkasi ofisini kwa Melkizedeki, akakata kipande kile cha chini kwa uangalifu ili karatasi isiende upande.

Nyumbani, Eliwaza alimsimulia mumewe. Anthony alikuwa ameshika mpira wa baiskeli ndani ya karai la maji, anatafuta bubujiko.

"Umewachagulia watu maji kwa kutazama mstari ulivyokaa," alisema.

"Alichagua yeye."

"Kidole kilikuwa cha nani?"

Eliwaza akaingia ndani kuwasha jiko. Baadaye akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua: "Hivi mlikuwa mnapima vipi, vifaa vikiwa vimeharibika?"

"Kwa gunzi," alisema Anthony. "Unapima upana na kina. Unatupa gunzi la muhindi majini, unahesabu sekunde linazotumia kupita mita kumi. Upana mara kina mara kasi. Gunzi halina cheo, linakwenda na maji tu."

"Twende wote Jumamosi."

"Serikali imesema kazi hiyo si ya lazima," alijibu Anthony, akaendelea kutafuta tundu.

Akaenda peke yake. Ijumaa baada ya vipindi alipanda pikapu ya abiria mpaka Chome, akalala kwa shangazi yake, na Jumamosi asubuhi alikuwa kwenye ndiva na rula ya mbao ya shule, magunzi matano, na saa ya mkononi. Alimkuta mzee mmoja tu, Fanueli, mtunza ndiva, amejifunga shuka la baridi, anaondoa kizibo cha magome na matope.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuteka na rula?"

Alipomweleza, Fanueli alifurahi sana. Alikuwa hajawahi kuona mtu mzima anayemwagiza mzee arushe gunzi. Wakashuka pamoja, wakizungumza Chasu, Kipare chao. Kila kilomita walisimama: yeye anapima upana na kina, Fanueli anatupa gunzi na kulisindikiza kwa kelele. Ilikuwa asubuhi tulivu. Mashambani hapakuwa na mtu, migomba ilikuwa imenyamaza, na kutoka upande wa pili wa bonde zilikuja nyimbo za kwaya, sauti nne zimepangika vizuri. Eliwaza alifikiri ni muda mrefu hajafanya kazi katika utulivu kama ule.

Kwenye kilomita ya nane mfereji uligawanyika. Njia ya kwenda Makanya ilikuwa imezibwa kwa mawe, na maji yalikuwa yanamwagika korongoni, ambako mbuzi wachache walikuwa wanakunywa bila haraka.

"Mbona yanamwagwa?" aliuliza.

"Zamu ya Makanya ni Jumanne," alisema Fanueli. "Ratiba imegongwa muhuri."

Jumapili alitoka kanisani akakaa na kitabu cha majedwali ya hesabu, akapiga mahesabu mpaka chai ikapoa. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya namba ya kumuumbua Humphrey. Alikuwa hata na sentensi ya kuanzia. Namba iliyotoka ilikuwa sufuri nukta sufuri sita.

Akarudia upya. Sufuri nukta sufuri sita. Yule kijana wa kalamu tatu, kwa kuinamisha kichwa upande, alikuwa amekosea kwa kitu kidogo kiasi kwamba kwenye grafu ungehitaji miwani kukiona.

"Unasikitika maji yanafika?" aliuliza Anthony.

"Sisikitiki," alisema Eliwaza, akafunga kitabu kwa kishindo.

Wafadhili walikuja Jumatano, wakakaa kwenye ukumbi wa shule. Grafu ilikuwa imebandikwa ukutani, imekuzwa na kupakwa rangi ya bluu ili ifanane na maji. Eliwaza alipewa kazi ya kusimamia vitafunwa. Kiongozi wa wageni alikuwa mama wa Kiholanzi, mhandisi, aliyesema Kiswahili cha vitabuni pasipo kuruka hata silabi. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Naona mstari," alisema. "Je, k ni nini?"

Humphrey akakohoa. "K ni... K ni Kilimanjaro, mama. Yaani mkoa."

Wajumbe wa kamati walitikisa vichwa kwa kuridhika, kwa kuwa mkoa waliufahamu. Mhandisi hakutikisa. Ndipo Eliwaza, akiwa ameshika birika, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema: "Ni sufuri nukta sufuri sita. Nimepima Jumamosi kwa gunzi."

Ilimbidi aweke birika chini, aeleze. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza kidato cha tatu, na mhandisi aliandika kila kitu. Humphrey alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Alimgeukia jirani yake akamwambia kwamba makadirio ya kitaalamu huwa hayaendi mbali na ukweli.

Kutoka mstari wa nyuma mwanamke mmoja alinyoosha mkono. Aliitwa Mwanamkasi, mjumbe wa kamati kutoka Makanya, aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge wazazi wake wakiwa wametoka Pangani kutafuta kibarua. "Mimi sijasoma," alisema. "Naomba kuuliza. Hayo maji yaliyopo ukutani, theluthi mbili, mbona shambani kwangu Jumanne ninapata matope ya kulowesha kisigino?"

Mhandisi akamtazama Eliwaza, kisha ukuta. Mwisho akasema kipimo cha mwalimu ni kizuri, lakini taarifa ya mradi inahitaji kipimo rasmi cha mshauri. Bwana Humphrey apime mwenyewe, siku ya zamu ya Makanya, alete matokeo kabla saruji haijaagizwa.

Humphrey hakuwa amepima kitu tangu chuo. Alizunguka mji akiuliza kama kuna mpima maji yeyote aliyebaki, mpaka akakumbuka neno la mwalimu, akaenda kwa fundi baiskeli wa stesheni. Kwa hiyo Anthony, aliyeondolewa kwenye shughuli isiyo ya lazima, akachukuliwa kwa kibarua cha siku moja kuifanya shughuli ile ile, kwa ujira uliozidi mshahara wake wa zamani wa wiki mbili. Alinyoa ndevu. Jumanne alfajiri alipanda gari jeupe, ameketi mbele.

Alirudi jioni amechoka na mwenye furaha, akaomba kitabu cha majedwali. Eliwaza alikaa kando akisonga ugali na kujifanya hatazami.

"Sufuri nukta nne," alisema Anthony.

"Sufuri nukta sufuri nne."

"Sufuri nukta nne, mama. Kilomita ya nane hamna kitu. Mwanamkasi anasema kweli."

Mwiko ukasimama. "Umekosea."

"Miaka kumi na tisa nimepima maji."

"Miaka ishirini na miwili nimefundisha logi!"

Wakabadilishana karatasi. Kila mmoja aliipitia hesabu ya mwenzake kwa kalamu nyekundu, akitafuta kosa kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto wa jirani. Hapakuwa na kosa. Ndipo wakahamia kwenye vifaa. Anthony alisema rula ya shule imeliwa na mchwa sentimita ya kwanza, inajulikana. Eliwaza alisema gunzi lake lilikuwa kavu na la mumewe bila shaka lilikuwa bichi, limezama nusu. Anthony alisema hajawahi kutumia gunzi bichi tangu azaliwe, na kwamba maneno kama hayo hata aliyemwandikia barua ya kumpunguza hakumwambia. Wakala ugali wamepeana mgongo. Nyumba moja ilikuwa na k mbili, na zote mbili zilikuwa hazibadiliki.

Kesho yake Humphrey alipiga hodi, amepauka. Mkataba wake ulisema saruji itafikisha maji Makanya. Kwa k ya Jumamosi saruji haikuhitajika sana. Kwa k ya Jumanne saruji yote ya Tanga isingetosha. "Tuchukue wastani," alisema.

"Wastani wa Jumamosi na Jumanne ni siku gani?" aliuliza Eliwaza.

Humphrey alitafuta funguo za gari. Akawapakia wote wawili kwenye gari, wakapanda Chome, mke kiti cha nyuma kushoto na mume kiti cha nyuma kulia, katikati yao rula. Barabara iliwarusha mara kadhaa wakagusana mabega, wakaombana radhi kama wageni.

Fanueli aliwasikiliza mmoja mmoja. Alipoelewa, alianza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya shuka.

"Mwalimu," alisema. "Jumamosi ulipokuja, ulimkuta nani huku?"

"Wewe, babu."

"Na wewe bwana, Jumanne ulimkuta nani?"

"Watu wengi," alisema Anthony. "Wanapalilia, wana majembe. Walinisalimu vizuri sana."

"Walikusalimu vizuri ili usitazame miguuni pao. Huku juu karibu wote ni Wasabato. Jumamosi hakuna anayegusa jembe. Wako kanisani, mwalimu aliwasikia wanaimba. Mimi Mlutheri nabaki na ndiva. Maji yanapita bila kuguswa na mtu, yanamwagika bure kule chini. Siku nyingine zote, hata siku ya Makanya, kila mtu anautoboa mfereji kidogo tu, migomba isikauke. Kidogo tu. Lakini ni watu arobaini."

Eliwaza alihisi masikio yanapata moto. Alizikumbuka sauti nne zilizopangika vizuri.

"Sasa mbona hukuniambia, babu?"

"Hukuniuliza, mwalimu. Uliniuliza upana."

Anthony alitazama pembeni, mabega yanatikisika. Eliwaza alimwona, akataka kukasirika, lakini kicheko kikamtangulia yeye pia. Humphrey peke yake hakucheka. Alikuwa amefungua kitabu ukurasa wa arobaini na moja, kalamu mkononi.

"Sasa k naandika ngapi?" aliuliza.

"Ya siku gani?" alisema Fanueli.

Humphrey aliandika zote mbili, na ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza ya kweli katika mradi ule. Mama wa Kiholanzi alizisoma, akaahirisha saruji mpaka awamu ya pili, awamu ambayo mpaka leo haijapewa tarehe. Lakini kamati ilibidi iitwe ielezwe, na kikao kikakaliwa kilomita ya nane, pale mfereji unapogawanyika, kwa kuwa kila upande ulikataa kwenda kwa mwenzake.

Humphrey alieleza kwa nusu saa, akataja uchambuzi mara saba. Wazee wa juu walisikiliza huku wamekaza nyuso, wakingoja kuitwa wezi. Mwanamkasi alingoja amalize.

"Kumbe Jumamosi maji yapo?" aliuliza.

"Yapo," alisema Eliwaza.

"Na ninyi wazee, hamyatumii?"

Mzee mmoja wa juu, aitwaye Asheri, mwinjilisti, alijibu kwa tahadhari. "Ni siku ya Bwana. Hatuyagusi."

"Basi tupeni Jumamosi, chukueni Jumanne yetu."

Wazee wakatazamana. Hapakuwa na mtu aliyeombwa kuacha kitu alichokuwa nacho. Watu wa juu waliombwa waache siku wasiyoitumia, na kupewa kwa halali siku waliyokuwa wakiiiba. Asheri alipata shida kuficha furaha yake. "Tutalitafakari kwa maombi," alisema, na maombi hayo yakachukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Kikwazo kikawa muhuri, kwa sababu ratiba ya zamani ilikuwa nao. Melkizedeki, aliyekuja kama mwenyeji wa kompyuta, akajitolea kuigonga ratiba mpya muhuri wa shule, na watu wakaona muhuri ni muhuri.

Katika taarifa ya mwisho, mabadiliko ya zamu yaliandikwa kuwa tunda la utafiti wa kisayansi wa mshauri mwelekezi. Shule ilishukuriwa kwa mashine. Anthony alitajwa kama vibarua, kwa wingi, ingawa alikuwa mmoja. Jina la Eliwaza lilikuwepo kwenye orodha ya mahudhurio, na mbele yake, kwenye safu ya wadhifa, mtu alikuwa ameandika: vitafunwa. Alimwonyesha mumewe. Anthony alisema angalau mkewe ana wadhifa.

Jumamosi ya kwanza ya ratiba mpya walishuka wote wawili Makanya kwa basi la asubuhi. Anthony alisema anakwenda kuangalia baiskeli ya mtu. Walimkuta Mwanamkasi amekaa juu ya jiwe ukingoni mwa shamba, kanga imefungwa kiunoni, jembe magotini. Mahindi yake yalikuwa yamefika goti na yamejikunja majani kwa kiu.

"Yatafika saa ngapi, mwalimu?" aliuliza Mwanamkasi.

Eliwaza alikuwa amepiga hesabu hiyo kabla hajatoka. "Saa nane na robo."

Saa nane na robo ikapita. Ikafika na nusu. Mwanamkasi alikuwa amezoea kungoja vitu vya serikali. Eliwaza alianza kuzipitia kichwani kilomita moja moja, akatafuta ni wapi ameteleza, na Anthony, ambaye kwa kweli hakuwa na baiskeli ya mtu, alikuja kusimama kando yake.

Saa tisa kasoro kumi walisikia kwanza, kisha wakaona: maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba majani makavu ya migomba na povu, yanakuja yanapapasa mchanga kama kipofu anayeingia nyumba ya ugenini. Yakafika kwenye mawe, yakasita, yakapita.

Mwanamkasi aliruka kutoka juu ya jiwe. "Mwalimu, vua viatu! Shika jembe la pili, lile pale, uzibe huku yasitoroke! Na wewe shemeji, usisimame kama bango la barabarani, fungua kule chini!"

Eliwaza akavua viatu vyake vya kanisani, akaviweka juu ya jiwe, akaingia. Maji yalikuwa ya baridi, baridi ya Chome kabisa. Alikuwa hajashika jembe kwa miaka mingi na matuta yake yalikwenda upande, na Mwanamkasi, bila kuinua kichwa, alimwambia ayarudie.